"Joto la Kawaida" la Nani? Uhakiki wa Lugha ya Utafiti wa Panya, Mlo na Unene

1.0 Utangulizi
Mji wa Kikagate, wilayani Isingiro, umetenganishwa na Murongo ya Tanzania na Mto Kagera. Katika wilaya hiyo yamo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, ambako Kiswahili cha Kongo, cha Burundi na cha Tanzania hukutana. Mbarara, upande wa kaskazini, kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989. Matokeo ya maabara yanapaswa kusafiri kutoka chuoni hadi kwa mhudumu wa afya wa makazini, na tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, safari hiyo inatarajiwa kupitia lugha yetu. Makala hii inahakiki sentensi moja iliyoundwa kwa misemo iliyozoeleka katika tafsiri za aina hiyo: "Panya waliokaa katika joto la kawaida na kulishwa chakula chenye mafuta mengi walinenepa."

2.0 Joto ambalo ni baridi
Kasoro kubwa imo katika "joto la kawaida". Maabara nyingi huwaweka panya katika nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi, kiwango kinachomridhisha mtafiti aliyevaa nguo. Panya mdogo hupoteza joto upesi. Hali isiyomlazimu kuchoma nishati ya ziada ili kujipasha moto ni takribani nyuzi 30. Kwa hiyo nyuzi 22 kwake ni baridi, na umetaboli wake hupanda. Neno "joto" linamwambia msomaji kinyume cha hali ya mnyama. "Halijoto" ingefaa zaidi, kwa kuwa hutaja kipimo bila kuamua kama ni moto au baridi.

Suala hili si la mtindo tu. Mwaka 1997 Enerbäck na wenzake walichapisha matokeo ya panya wasio na protini ya UCP1, inayoiwezesha tishu ya mafuta ya kahawia kuzalisha joto: panya hao walishindwa kustahimili baridi, lakini hawakunenepa kupita kiasi. Mwaka 2009 Feldmann na wenzake waliwaweka panya wa aina hiyo katika nyuzi 30, nao wakanenepa. Halijoto iligeuza jibu. Tafsiri inayosema "joto la kawaida" kwa majaribio yote mawili imefuta sababu ya tofauti yao.

3.0 Panya, mlo na unene
"Panya" hubeba spishi mbili za maabara zenye maumbile tofauti. Jina la kisayansi, Mus musculus, litajwe angalau mara moja. "Chakula chenye mafuta mengi" nacho ni mchanganyiko maalumu, ambao mara nyingi asilimia 45 au 60 ya nishati yake hutokana na mafuta. Mlo huo uko mbali na mgao wa unga wa mahindi, maharage na mafuta kidogo ya kupikia. Mshauri asiyeelezwa kiwango hicho anaweza kupendekeza mafuta yapunguzwe kwa familia ambayo bado haijashiba. Hata neno la mlo wenyewe huteleza: posho ni ugali kwa Mganda, na ni malipo ya kikao kwa Mtanzania.

"Walinenepa" pia haitoshi. Kumwambia mtu "umenenepa" mara nyingi ni kumsifu kwamba hali yake imetengemaa, hasa akiwa ametoka katika dhiki. Tafsiri iseme kilichopimwa: uzito, au kiasi cha mafuta mwilini.

4.0 Hitimisho
Sentensi ile iandikwe upya: "Panya wa spishi ya Mus musculus waliowekwa katika halijoto ya nyuzi 22, ambayo kwao ni baridi, na kulishwa mlo ambao asilimia 60 ya nishati yake ni mafuta, waliongezeka mafuta mwilini." Ni ndefu, lakini inamwezesha mshauri wa sera kuuliza swali linalostahili: je, matokeo hayo yangebaki vilevile katika nyuzi 30? Tunapendekeza kila muhtasari wa Kiswahili wa utafiti wa aina hii utaje spishi, halijoto kwa nyuzi, muundo wa mlo na kipimo cha unene. Bila hayo manne, usitumike kuamua mgao wa chakula cha mtu yeyote.