Fundi Anayeuliza Kabla ya Kufuta

Ikifika wiki ya mwisho ya Juni, wahasibu wa halmashauri hawalali mapema. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30, na Ngara kwa Biharamulo watu wamejaa kwenye mifumo: wanalipa, wanasahihisha, wanachapa taarifa. Ndipo mmoja anapoita, "Kaka, hebu njoo uone, salio langu bado ni la jana." Anayeitwa ni afisa TEHAMA. Nataka kumsifu, kwa sababu anachokifanya dakika chache zinazofuata ni ufundi hasa, na wengi wetu tunadhani anabonyeza vitufe tu.

Kila mfumo mkubwa wa kazi, uwe wa malipo kama MUSE, wa hesabu za zahanati na shule kama FFARS iliyozinduliwa 2017, au wa forodha, hutegemea kashe: kumbukumbu ya pembeni inayotunza majibu yaliyokwisha kutafutwa ili hifadhidata isisumbuliwe kila mara. Mwenye duka pale Nyakanazi hufanya hivyohivyo. Bei zote anazo kichwani, anauza chapuchapu, mpaka siku bei ya sukari ibadilishwe daftarini na asiambiwe. Maurice Wilkes wa Cambridge aliliandika wazo hili mwaka 1965, na mwaka 1968 IBM wakalitangaza katika kompyuta yao, System/360 Model 85. Ugumu haujabadilika tangu hapo: kujua ni lini kilichokumbukwa kimepitwa na wakati.

Fundi asiye na subira hufuta kila kitu, au huzima na kuwasha. Mara nyingi mfumo unapona, na hasara iko hapohapo, maana ushahidi umefutika na chanzo kimebaki. Huyu ninayemsifu huanza na swali: "Kwa mwenzako hapo inaonekanaje?" Jirani akiwa anaona salio la leo, fundi huanza kukishuku kivinjari cha huyu aliyeita. Anafungua dirisha la faragha ahakikishe, kisha anafuta kashe ya tovuti hiyo moja tu, nyingine anaziacha. Wote wakiwa wanaona la jana, tatizo liko mbele zaidi.

Kuna dalili moja naipenda kuliko zote. Ukurasa unafunguliwa upya, unaleta salio la jana. Tena, la leo. Tena, la jana. Asiyejua atasema mfumo umechanganyikiwa. Anayejua anahisi mara moja kwamba huko nyuma kuna seva zaidi ya moja zinazopokezana maombi, kila moja na kashe yake, na mojawapo haikupata habari kwamba salio limebadilika. Amefika hapo bila kugusa seva hata moja!

Kujaa kwa kumbukumbu ni shauri jingine. Kashe isiyowekewa kikomo huvimba kadiri watumiaji wanavyoongezeka, mwishowe seva inaizima programu ili yenyewe isife. Inatokea saa za msongamano, usiku kila kitu ni kizima, ndiyo maana fundi mzuri huandika saa.

Rusumo, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Aprili 2016, kosa la kashe kupitwa na wakati lina uzito wa lori. Kibali kikiwa kimeshatoka lakini skrini inang'ang'ania kuwa bado, mzigo uliotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, unasimama. Dereva anatandika mkeka chini ya trela, wakala wa forodha hashushi simu sikioni.

Seva za mifumo ya Serikali ziko mbali, kwenye vituo vya data vya Dar es Salaam na Dodoma, na fundi wa Ngara hana ruhusa ya kuziingia. Alichonacho ni maelezo yake. Ofisi nyingi humpima kwa printa alizozifufua. Mimi ningempima kwa maelezo hayo. "Mfumo unasumbua" hakumsaidii mtu. Yeye huandika: saa tisa na dakika arobaini alasiri, watumiaji watatu, kompyuta tatu tofauti, salio la jana linatokea takriban mara moja katika kila mbili, kashe ya kivinjari imefutwa na hali ni ileile. Mhandisi wa Dodoma akisoma hayo hana haja ya kubahatisha. Anazilinganisha seva, anaikuta iliyoacha kupokea mabadiliko tangu mchana, anaitoa kwenye zamu mpaka itengenezwe, kisha anampigia mwenzake wa Ngara amwambie mhasibu afungue ukurasa upya.