Kulea Mimba Si Kazi: Michael Katikati ya Duara la Chaki

Mwamshe usiku wa manane mwanafunzi yeyote aliyesoma tamthiliya ya Bertolt Brecht, Duara la Chaki la Kaukazi, umwulize dhamira yake kuu. Atakujibu kabla hajafikicha macho: mtoto ni wa anayemlea, si wa aliyemzaa. Jibu hilo lina maksi zake, na wahenga wetu walilisema zamani: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Makala haya hayana nia ya kulipinga. Yanauliza swali linalorukwa katika semina zetu: jamani, mtoto mwenyewe yuko wapi?

Tukumbushane kisa kwa ufupi. Brecht aliandika tamthiliya hii mwaka 1944 akiwa uhamishoni Marekani, na ikachezwa kwanza hukohuko mwaka 1948. Gavana anauawa katika maasi. Mkewe, Natella, anashughulika kuchagua magauni ya kukimbia nayo, hata anamsahau mwanawe mchanga, Michael. Mtumishi wa jikoni, Grusha, anamchukua na kuvuka naye milima. Anafikia hata kuolewa na mwanamume anayedhaniwa yu mahututi, ili mtoto apate paa na jina. Vita vinapokwisha Natella anarudi kumdai mwanawe. Kesi inamwangukia Azdak, karani wa kijiji, mlevi na mla rushwa, ambaye ghasia za wakati huo zimemfanya hakimu. Azdak anaamuru duara lichorwe kwa chaki, Michael asimamishwe katikati, na kila mama amvute upande wake. Grusha anamwachia mara mbili. Azdak anampa yeye mtoto.

Anayekijua kisa cha Mfalme Sulemani na upanga wake ataona mara moja jinsi mwandishi alivyokipindua. Kwa Sulemani, aliyekubali kumwachia mtoto ndiye mzazi. Kwa Brecht, mzazi ndiye anayevuta. Mawakili wa Natella wanahubiri utakatifu wa damu, lakini mmoja wao anateleza ulimi: mapato ya mashamba ya marehemu hayawezi kuguswa bila mrithi. Kumbe damu ilikuwa shuka la kufunikia mali! Kitabaka, uchambuzi huo umekamilika, na walimu wetu wametufundisha vizuri.

Ila hebu tuurudie mwanzo na mwisho wa kazi hii. Mwanzoni vijiji viwili vya ushirika vinagombea bonde, na linapewa wale watakaolimwagilia maji. Mwishoni Mwimbaji anatoa fundisho, na humo mtoto anapangwa safu moja na magari ya kukokotwa na lile bonde. Vyote viende kwa wanaoviweza. Sasa hapo mhakiki lazima akohoe. Brecht amempokonya mwenye damu hatimiliki, lakini hakuichana. Amembadilishia jina tu. Bonde halina maoni juu ya nani alimwagilie. Mtoto je?

Swali hili si la Kaukazi peke yake. Hapa Tanzania, Tangazo la Sheria za Kimila la mwaka 1963 lilisema waziwazi kwamba watoto waliozaliwa ndani ya ndoa ni wa baba. Hapo napo mtoto aliwekwa safu ya mali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikaleta lugha nyingine: wazazi wakiachana, mahakama itazame kwanza ustawi wa mtoto. Inachukuliwa kuwa aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Na mtoto akifikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, matakwa yake yazingatiwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeyataja maoni ya mtoto. Kwa hoja hii moja, kifungu kikavu cha sheria kimemtangulia mwandishi mkubwa wa tamthiliya.

Kwenye karatasi, lakini. Mimi wazazi wangu walipoachana nilikuwa na miaka tisa. Wazee wa pande zote mbili walikaa sebuleni kwetu, wakazungumza kwa hekima na methali nyingi. Mimi nikatumwa soda. Niliporudi, begi langu lilikuwa limeshafungwa. Hakuna aliyenionea, na huenda uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Ila mpaka leo nikisoma onyesho la duara, simtazami Grusha wala Natella. Namtazama yule wa katikati.

Atasema mtu: ndugu, Michael bado mdogo mno, angeulizwa nini? Kweli. Mahakamani hasemi neno. Hata hivyo mwili wake unasema, na hapa ndipo ninapomrudishia Brecht heshima yake. Tumezoea kusema kwamba duara linapima mapenzi. Natella naye angeweza kuapa kwamba anampenda. Duara linapima usikivu. Kati ya watu wote mahakamani, Grusha peke yake ndiye aliyesikia kwamba mkono ule unaovutwa unauma, akaacha kuvuta huku akijua kwamba anashindwa kesi. Hilo ndilo fundisho la kuwapa wanaoachana, na ni kubwa kuliko lile la bonde. Mwimbaji angeishia hapo, tungemshukuru.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja kwa wenzetu wa Sanaa za Maonyesho siku watakapoipandisha kazi hii jukwaani. Michael asiwe mwanasesere. Awe mtoto wa kweli, na baada ya hukumu, wakati Azdak anawatalikisha kimakosa Grusha na mumewe badala ya wazee waliokuja kuomba talaka, na watazamaji wanacheka, taa ibaki kwa mtoto kidogo. Tumwone anaelekea wapi kwa miguu yake mwenyewe.

Wanaoshikilia kwamba namdai Brecht deni lisilo lake, kalamu wanazo. Waandike.