Jicho la Msomaji wa Jeli

Kista, kitongoji cha kaskazini mwa Stockholm ambako kampuni ya Ericsson ilihamishia makao yake makuu mwaka 2003, hutajwa kila ustadi wa Sweden unaposifiwa. Ilhali kusini mwa jiji hilohilo, katika hospitali ya Karolinska iliyopo Huddinge, maabara ya kupima dawa za kututumua misuli hufanya kazi isiyosifiwa na wengi, nayo ni kuitambua homoni ya kiwandani katika mkojo wa mwanariadha ambaye mwili wake huizalisha homoni iyo hiyo.

Erithropoietini, yaani EPO, ni homoni ya protini itokayo kwenye figo na kuuchochea uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, na ndiyo iliyowaponza wakimbiaji Rita Jeptoo na Jemima Sumgong wa Kenya. Mnyororo wake wa asidi amino 165 ni uleule, uwe wa mwili au wa kiwanda. Kinachotofautiana ni matawi ya sukari, kwa kuwa aina ya kiwandani huzalishwa aghalabu katika chembe za ovari ya mnyama aitwaye hamsta. Mpimaji huuchuja mkojo mpaka ubaki kidogo mno, huupitisha kwenye jeli yenye umeme ili kila protini ishike mwendo wake, huitafuta EPO kwa kingamwili, kisha huinamia michirizi hafifu inayojitokeza, akipima kwa jicho lililozoea kama mchirizi umepanda, umetanuka au umeacha kivuli juu yake.

Ustadi huu una asili ya hapohapo Sweden, kwani Arne Tiselius wa Uppsala alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa kutenganisha protini kwa umeme, na Leif Wide, wa Uppsala pia, alionyesha mwaka 1995 kwamba EPO ya dawa hutambulika, kabla Wafaransa Françoise Lasne na Jacques de Ceaurriz hawajatoa kipimo cha mkojo kilichotumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Uzuri mkubwa wa ustadi huu ni subira. Wapo watu, hasa wenye asili ya Asia Mashariki, waliozaliwa na jeni inayotoa EPO ifananayo na ya kiwandani, na tena hakuna jibu la hatia linalotangazwa mpaka mtaalamu wa pili alithibitishe. Inasikitisha kwamba subira hiyo haiko mitandaoni, ambako mkimbiaji huhukumiwa kabla ya chupa yake ya pili ya mkojo, ile ya kuhakikia jibu, kufunguliwa.

Nairobi ilipata mwaka 2018 maabara iliyoidhinishwa kwa vipimo vya damu, lakini mkojo wa wakimbiaji wa mji wa Iten nchini Kenya bado husafirishwa ng'ambo ukasomwe na macho ya wengine. Vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam viwatume vijana wao wa baiokemia wakajifunze kazi hii kabla wasomaji wakongwe wa jeli hawajastaafu.