Kombe, Faida na Mwenye Klabu

Makoongwe, kisiwa kidogo kinachoelekeana na Mkoani, hakina timu katika ligi kuu. Hata hivyo, tulipokwenda huko kuendesha darasa, kijana mmoja mvuvi alituuliza: "Ndugu Mkufunzi, mwenye klabu anataka kombe au anataka pesa?" Wenzake walicheka. Sisi tunaona swali hilo ni la msingi, maana linahusu nani anamiliki na nani anavuja jasho.

Yapo mawazo yaliyoenea kwamba mambo hayo mawili hayatengani: timu ikishinda, faida hupatikana; kwa hiyo tajiri hawezi kuupuuza ushindi. Mawazo hayo yana kasoro. Sabuni ikiwa mbovu, mnunuzi huchukua nyingine. Mshabiki hahami. Baba yake alikuwa Yanga, naye ni Yanga. Ikifungwa leo, kesho atanunua jezi. Mapenzi hayo ndiyo mtaji mkuu wa klabu, na hayakuletwa na tajiri yeyote. Yamejengwa na wananchi tangu Yanga ilipoanzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Mwenye kuuhodhi mtaji huo aweza kuchuma hata kama kabati la makombe ni tupu.

Tutazame Manchester United ya Uingereza. Mwaka 2005 familia ya Glazer ya Marekani iliinunua kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilikuwa mkopo, na mzigo wa deni ukatwishwa klabu yenyewe. Mwaka 2012 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la New York. Ubingwa wa ligi ilioutwaa mwaka 2013 ilikuwa haijaurudia hadi msimu wa 2024/25 ulipomalizika. Lakini katika miaka hiyo wenye hisa walipata gawio. Kombe lilikosekana, faida haikukosekana.

Hapa kwetu msomaji atapinga, na ana haki. Mwaka 2017 wanachama wa Simba waliridhia mfumo wa hisa na uwekezaji wa Mohammed Dewji wa shilingi bilioni 20. Klabu ikawa bingwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Ukweli huo hatuukatai. Wala hatudai kwamba zamani, wanachama walipomiliki kila kitu, mambo yalikuwa safi. Migogoro, makundi na madeni tuliyaona kwa macho yetu.

Lakini tusichanganye mambo. Kombe linalotegemea hisani ya mtu mmoja huondoka naye siku atakapochoka, au siku hesabu zake zitakapomwonyesha kuwa kuuza mchezaji kuna faida kuliko kumtumia. Kinga haimo katika wema wa tajiri. Imo katika umiliki. Ndiyo maana Serikali iliweka sharti kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49, wanachama wabaki na 51. Ujerumani nako klabu hulindwa, kwa ujumla, na kanuni inayowaachia wanachama kura nyingi.

Hata hivyo, asilimia 51 ya watu waliolala ni ndogo kuliko asilimia 49 ya mtu aliye macho. Mwanachama asiyelipa ada, asiyehudhuria mkutano mkuu, asiyedai hesabu zilizokaguliwa, amekwisha kuiuza hisa yake bila kulipwa hata senti. Kupiga vigelezo uwanjani si kumiliki.

Tarehe 25 Mei 2025 Simba ilitoka sare ya 1–1 na RS Berkane ya Morocco kwenye uwanja wa Amaan, Unguja, ikalikosa Kombe la Shirikisho la Afrika. Wengi walioumia siku ile hawana hata hisa moja. Uchungu wao ni wa kweli, na ndio unaoipa klabu thamani. Jukumu letu ni kuwaelimisha wageuze uchungu huo kuwa uanachama, na uanachama kuwa usimamizi. Hapo ndipo yule kijana wa Makoongwe atakapoweza kulijibu swali lake mwenyewe, kwa sababu mwenye klabu atakuwa ni yeye.