Daftari lipo, mali haipo: repo ndani ya repo kwenye mtambo wa kuunda programu

Pakua msimbo wa Git yenyewe, ile programu ya kutunza historia ya msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, kisha chungulia folda zake. Mojawapo inaitwa `sha1collisiondetection`. Ifungue: tupu. Hakuna kilichoharibika, wala intaneti haikukatika njiani. Folda hiyo ni repo nyingine, yaani hazina nyingine ya msimbo, yenye wenyewe wengine, iliyopachikwa ndani ya repo ya Git. Usipoagiza iletwe, haiji.

Chanzo chake ni kisa cha mwaka 2017. Mwezi Februari, watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na wenzao wa Google walionyesha mafaili mawili ya PDF, tofauti kabisa, yenye alama moja ya SHA-1, alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo katika faili. Git hutambua kila inachokihifadhi kwa alama hiyo, kwa hiyo habari hiyo iliihusu moja kwa moja. Wasimamizi wake wakachukua msimbo wa Marc Stevens, mmoja wa watafiti hao, unaonasa udanganyifu wa aina hiyo. Likabaki swali ambalo kila timu ya programu hulikuta siku moja: msimbo wa mtu mwingine, unaouhitaji kila unapounda programu yako, unauweka wapi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Repo ya ndani (submodule) ni kinyume chake: daftari lipo, mali haipo. Repo ya nje huandika mambo mawili tu. La kwanza ni anwani, katika faili la `.gitmodules`. La pili ni alama ya komiti moja, yaani hatua moja iliyohifadhiwa katika historia ya msimbo: herufi na tarakimu 40 zinazosema "toleo hili, si jingine". Ndani ya Git faili la kawaida husajiliwa kwa namba 100644. Kiungo cha repo ya ndani hupewa 160000, na humo hamna hata mstari mmoja wa msimbo. Faida yake ni kubwa. Wenye repo ya ndani wakibadilisha mambo usiku kucha, wewe asubuhi bado unaunda kwa toleo lile lile ulilolipima.

Kwenye kompyuta ya mwandishi wa programu haya yote hayaonekani. Aliagiza `git submodule update --init --recursive` miezi sita iliyopita, folda ikajaa, akasahau. Mtambo wa kuunda, ule unaojenga programu kutoka kwenye msimbo uliotumwa, hauna kumbukumbu hiyo. Mara nyingi kila kazi huanzia kwenye mashine mpya, isiyo na kitu. Ndipo mianya minne hujitokeza, na ni vyema kuifuata kwa mpangilio wake.

Wa kwanza ni mali kutoagizwa. Hatua ya `checkout` ya GitHub Actions haileti repo za ndani mpaka uandike `submodules: true`, au `recursive` ikiwa nazo zina nyingine ndani yake. Kwenye GitLab, `GIT_SUBMODULE_STRATEGY` isipowekwa huhesabiwa kuwa `none`. Thamani ya `normal` huleta tabaka la kwanza tu, na `recursive` huleta yote. Hata vifurushi vya msimbo ambavyo GitHub hutengeneza yenyewe kwa kila toleo havibebi repo za ndani. Anayeunda programu kutoka kwenye kifurushi hicho hupata folda tupu vile vile.

Wa pili ni ufunguo, na huu ndio unaokula saa nyingi. Tokeni ambayo GitHub huipa kazi inayoendeshwa hufungua repo moja tu, ile yenye kazi hiyo. Repo ya ndani ikiwa ya faragha na iko kwingine, mlango haufunguki. Utahitaji ufunguo wa pili, na uwe wa kusoma tu. Anwani nayo huleta mkanganyiko. Mwandishi ameandika ya SSH kwa sababu ufunguo wake uko mezani kwake, kumbe mtambo hupita kwa HTTPS. Pale repo zote mbili zinapokaa kwenye seva moja, dawa ni anwani tegemezi, mfano `../maktaba.git`: kila mmoja huifikia kwa njia aliyoingilia. Na anwani huzeeka. Tarehe 15 Machi 2022 GitHub ilifunga moja kwa moja njia ya `git://` isiyosimbwa, na kila `.gitmodules` iliyokuwa bado na anwani ya namna hiyo ikaelekeza kwenye mlango uliozibwa.

Wa tatu ni komiti isiyofikika. Mtu hubadilisha repo ya ndani, huandika alama mpya katika ya nje, hutuma ya nje, na ya ndani huibakiza kwenye kompyuta yake. Daftari sasa linataja mali ambayo seva haijawahi kuiona. Agizo la `git push --recurse-submodules=check` hukataa kutuma hadi za ndani zitangulie; heri kuliweka liwe kanuni kwa timu nzima. Kuna pia sura ya pili ya tatizo hili. Ili kuokoa muda, mitambo hupakua kipande kifupi tu cha historia. Komiti inayotakiwa ikiwa nyuma ya ncha ya tawi, Git hulazimika kuiomba seva kwa alama yake, na si kila seva hukubali ombi hilo.

Wa nne ni masalia, kwenye mashine zinazotumika tena na tena. Ukibadilisha anwani katika `.gitmodules`, ile ya zamani hubaki kwenye mipangilio ya ndani hadi uagize `git submodule sync --recursive`. Ukiondoa repo ya ndani, `git clean -fd` haiigusi folda yake kwa kuwa ina Git yake. Inataka `-ffd`, herufi ya kulazimisha mara mbili.

Na kabla ya kuwasha `recursive` kila mahali, kumbuka mwaka 2018. Ilibainika kwamba jina la repo ya ndani lenye `../` lingeweza kuipeleka Git nje ya mipaka yake, hadi kuendesha msimbo wa mshambuliaji wakati wa kupakua tu. Toleo la 2.17.1 liliziba tundu hilo. Mtambo unaounda mapendekezo ya watu usiowajua haufai kubaki na Git ya kale, wala kushika funguo ambazo kazi hiyo haizihitaji.

Wasimamizi wa Git wenyewe walifanyaje? Repo ya Stevens ipo kama repo ya ndani, lakini nakala ya msimbo wake imewekwa pia katika folda ya `sha1dc`. Makefile huangalia kwanza kama faili la `sha1collisiondetection/lib/sha1.h` lipo. Likiwepo, hutumia repo ya ndani. Lisipokuwepo, huchukua nakala. Folda tupu haimkwamishi mtu. Gharama yake ni kwamba kuna sehemu mbili za kusasisha, na siku moja zinaweza kutofautiana.

Kwa maktaba ndogo isiyobadilika sana, gharama hiyo inabebeka. Kwa maktaba ya kampuni inayobadilika kila wiki, nakala ya akiba ni hatari: mtambo utaunda kwa msimbo wa zamani na kuripoti kwamba mambo ni shwari. Huko nisingeiga nakala. Ningeiga lile swali la Makefile: faili lipo au halipo? Liulizwe mwanzoni kabisa, na jibu likiwa halipo, mtambo usimame hapo hapo na kutaja folda iliyo tupu. Ni mistari mitatu ya kuandika, na inamwepusha mtu kusoma kurasa za makosa ya kikusanyaji akitafuta hitilafu ambayo msimbo wake haukuwa nayo.