Mtoto Aondokaye na Baba Abakiye

Walimu wa shule za bweni wanayo hadithi moja ya kweli waipendayo sana kuisimulia mbele ya wazazi siku ya mahafali. Ni habari za Legson Kayira, kijana wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, aliyetoka kijijini kwao Mpale mwezi wa Oktoba 1958 akashika njia kwa miguu kwenda kutafuta elimu Marekani. Husimuliwa upesi upesi: kijana maskini, chakula cha siku tano, vitabu viwili mkononi, maili zaidi ya 2,000, na mwisho wa yote chuo kikuu. Watu hupiga makofi, na fomu za kuandikisha watoto wapya hugawanywa pale pale. Sisi tumeisikia hadithi hii mara nyingi, nasi twashuku ya kuwa wasimulizi wengi hawajakifungua kitabu chenyewe, wala hawana habari kwamba mwandishi yule yule alikuwa na neno la pili la kusema. Kwa hiyo leo twataka kuvipima vitabu vyake viwili pamoja: I Will Try, kilichochapwa New York mwaka 1965, na Jingala, kilichotoka mwaka 1969.

Vyatuhusu sisi watu wa Songwe kuliko vinavyowahusu wale wa mbali waliovisifu kwanza. Kayira alizaliwa kaskazini ya nchi yake, ndio upande upakanao na Ileje yetu. Walambya na Wandali wako ng'ambo zote mbili za mpaka, na mtu wa Isongole huenda Chitipa sokoni akarudi jioni. Huku Tunduma mambo ni hayo hayo: Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa kwa mstari, na Mnyamwanga ana shangazi upande huu na mjomba upande ule. Kumpeleka mtoto nchi nyingine kusoma si jambo geni kwetu, wala halikuanza jana.

Shule aliyosoma Kayira ilikuwa ya Livingstonia. Kituo cha Khondowe kilianzishwa mwaka 1894 na Dk. Robert Laws, mmisionari wa Kanisa Huru la Uskoti, na shule yake ikaitwa Overtoun Institution kwa jina la tajiri mmoja aliyeisaidia kwa fedha. Huko juu ya mlima, Ziwa Nyasa likionekana chini, vijana wa makabila mengi na wa nchi zaidi ya moja walilala chumba kimoja, wakajifunza ualimu, useremala, uashi na kazi ya kupiga chapa. Hata umeme ulikuwako tangu mwaka 1905, wakati ambapo pande hizi zetu taa ilikuwa ni moto wa kuni.

Miongoni mwa wanafunzi wa zamani wa shule ile alikuwako Donald Siwale, Mnyamwanga wa misheni ya Mwenzo, ambayo iko karibu na Nakonde. Alikuwako pia David Kaunda, mtu wa Nyasaland aliyekwenda kuhubiri na kufundisha Chinsali, ambaye mwanawe Kenneth alikuja kuwa rais wa kwanza wa Zambia. Mwaka 1912 hawa wawili pamoja na wenzao walianza chama pale Mwenzo ili kuzungumza mambo ya watu wao mbele ya Serikali, na mwaka 1923 wakakiamsha tena. Twalitaja jambo hili mapema ili mtu asidhani kwamba sisi ni adui wa mabweni. Bweni la Livingstonia liliwakutanisha watoto wa nchi mbalimbali, wakajuana, kisha wakarudi kufanya kazi katikati ya watu. Neno hilo la kurudi msomaji alishike, maana ndilo tutakalolitafuta katika vitabu vya Kayira.

Sasa tukifungue kile cha kwanza. Jina lake, maana yake 'Nitajaribu', ni neno la shule ya Livingstonia, nalo lilikuwa katika vazi la mwanafunzi. Mwandishi aeleza ya kuwa alipokuwa mchanga mama yake, kwa dhiki ya njaa, alimtupa katika mto Didimu, akaokolewa na mtu, ndipo akaitwa Didimu kwa jina la mto ule. Hilo Legson alijipa mwenyewe baadaye, kwa sababu lilisikika Kizungu masikioni mwake. Yafaa msomaji asimame hapa kidogo. Jina la kwanza lilikuwa ni habari nzima: njaa ya nyumbani, kosa la mama, na rehema ya jirani. Jina la pili halikuwa na habari yoyote ndani yake; lilikuwa na sauti tu. Kayira hajitetei wala hajilaumu kwa hilo, nasi twaona ni moja ya sifa za kitabu hiki kwamba mambo mazito huyaandika kwa sauti ya chini, kama mtu azungumzaye na mgeni aliyemkaribisha chai.

Aliposoma shuleni habari za Abraham Lincoln na za Booker T. Washington, moyo wake ukawaka. Twajiuliza kwa nini ukawaka kwa mambo ya mbali namna ile. Jibu si gumu: katika Nyasaland ya mwaka 1958 chuo kikuu hakikuwako hata kimoja, na chuo kikuu cha Malawi kilianza kufundisha mwaka 1965, mwaka ule ule kitabu hiki kilipochapwa. Shule ilikuwa imempa kijana nia, ikamwekea na neno la nia hiyo katika shati, lakini njia ya kuifuata nia ile haikuwako katika nchi yake. Msimulizi wa siku ya mahafali husifu miguu ya Kayira, asiulize kwa nini ilimlazimu kutembea.

Mama yake hakujua Marekani iko wapi. Yamkini aliiweka nyuma ya vilima vichache. Alipoambiwa, alimtayarishia mwanawe chakula cha siku tano, naye mwana hakuujua umbali vizuri kuliko mama. Wasimulizi wengi huwachekesha watu kwa kisa hiki. Sisi hatukucheka. Mama aliyepata kumtoa mtoto wake mtoni kwa njaa, akampa mwana yule yule chakula chote alichoweza kukifunga, akamwacha aende mahali asipoweza hata kupafikiria. Katika kitabu kizima hatukuona tendo la ujasiri lipitalo hilo. Kijana alikuwa na Biblia na kitabu cha Bunyan cha Msafiri, hata akichoka alijua ya kuwa wako wengine waliochoka kabla yake. Mama hakuwa na kitabu cha mama wa msafiri, maana Bunyan hakumwandikia.

Safari yenyewe hatutaisimulia yote. Alivuka Tanganyika, akifanya kazi njiani ili apate kula, akafika Kampala mwezi wa Januari 1960. Huko katika maktaba ya Wamarekani aliona jina la chuo cha Skagit Valley katika jimbo la Washington, akaandika barua, akakubaliwa. Akaendelea hata Khartoum, na wanafunzi wa chuo kile wakachanga fedha za nauli yake. Mwezi wa Desemba 1960 akafika, akapokewa katika nyumba ya watu wa huko kama mtoto wao. Ukarimu huo ni kweli, na mtu asiudharau. Walakini twaona kasoro hapa, nayo si ya tabia bali ya mahali asimamapo mwandishi: kitabu hiki kimeandikwa kuwaelekea waliompokea. Anawashukuru, anawaeleza kwao kulivyo, anawaonyesha alivyofika. Wale alioagana nao hawakuwa wasomaji wake, wala wasingaliweza kuwa. Ndiyo maana kitabu kimejaa milango inayofunguka, na ule mmoja uliofungwa nyuma yake twausikia kwa mbali tu.

Nasi twaamini Kayira mwenyewe aliona upungufu huo, maana miaka minne baadaye alitoa Jingala.

Jingala ni mzee mjane, zamani mtoza kodi, mtu wa kujivuna na wa kuchekesha. Mwanawe Gregory amesoma shule ya misheni, naye ataka kuwa padre. Baba anataka arudi kijijini, aoe, azae, ashike nyumba. Hapo pana vita, wala si vita ya mtu mwema na mtu mbaya. Mkristo akisoma atavutwa kumpa haki mwana, kwa kuwa aitwaye na Mungu hana budi kuitika. Lakini Kayira hakumpa mwana kitabu. Alimpa baba, hata jina la kitabu ni la baba. Mzee huyu hana hoja za shuleni. Anayo nyumba itakayobaki tupu, na jina litakalokatika. Anasema kwa makelele yale ambayo mama wa Mpale aliyanyamazia.

Wako watakaosema kwamba Kayira anamcheka mno mzee wake, na kwamba kicheko hicho ni cha msomi kwa mshamba. Mahali pengine ni kweli. Walakini kicheko hiki kina uchungu ndani, tena mwandishi alikuwa mtoto wa ugenini alipokiandika. Alikaa miaka mingi Uingereza akifanya kazi na kuandika, akafa London mwezi wa Oktoba 2012. Mwaka 1974 alitoa The Detainee, habari za mwanakijiji mzee Napolo anayekamatwa na vijana wa chama, na kwa vitabu vya namna hiyo Malawi ya siku za Dk. Banda haikuwa mahali pepesi pa kurudi. Msomaji na aangalie: mtu aliyesifiwa dunia nzima kwa kuondoka, alipoketi kutunga hadithi, aliwatunga wazee waliobaki. Kwa hiyo twasema wazi kwamba Jingala ni kitabu bora kuliko I Will Try, ingawa hakikupata nusu ya sifa zake. Kile cha kwanza chastaajabisha. Hiki cha pili chaelewa.

Haya yana faida gani kwetu leo? Katika shule moja ya kanisa ya pande hizi, ambayo hatutaitaja, wako watoto waliotoka Zambia na Malawi. Ni watoto wema, wanasoma kwa bidii, na mashuka yao hutandikwa vizuri kuliko ya wenyeji. Sheria ya bweni yasema Kiingereza tu. Anayesikiwa akinena Kinyamwanga, ama hata Kiswahili, huchotea jiko maji ndoo kumi. Jumapili ya kutembelewa tulimwona mama mmoja aliyevuka kutoka Nakonde na kikapu cha viazi na karanga za kuchemsha. Mtoto alimsalimu kwa Kiingereza maneno mawili, akatazama nyuma kama mwalimu wa zamu yuko, kisha akanyamaza. Mama akamshika kichwa, akamenya karanga. Wakakaa hivyo hata kengele.

Basi shule ile yapokea wageni kutoka nchi mbili, nayo yawafundisha kuwa wageni wa nyumba zao pia. Kinyamwanga hakina mpaka pale Tunduma. Bweni ndilo lililokiwekea. Tena hatuoni kwamba Kiingereza kimezidi kwa adhabu ile. Kinachozidi ni maji ya jikoni.

Serikali ya Tanzania ilikwisha kuona upande mmoja wa jambo hili. Mwezi wa Machi 2023 ilizuia watoto wa shule ya awali hata darasa la nne kulazwa bwenini, kwa kuwa mtoto mdogo yampasa kulelewa na watu wake. Walioteta wakati ule walikuwa wengi, hata wazazi, kwa maana wako wafanyao biashara mpakani mchana na usiku. Kwa vidato vya juu hatutaki bweni likatazwe. Msichana anayetembea saa mbili kwenda shule na saa mbili kurudi analihitaji kuliko sisi tuandikao. Tunalotaka ni kwamba anayeingia apate kutoka akiwa bado ni mtu wa kwao, kama Siwale, hata akiamua baadaye kwenda mbali kama Kayira.

Kwa shule zenye maktaba, twashauri vitabu hivi viwili vitolewe pamoja, wala I Will Try kisipewe mwanafunzi peke yake. Kidato cha tatu na cha nne wataviweza. Kiingereza chake si kigumu. Lakini mzazi wa Isongole ama wa Nakonde asiyeijua lugha hiyo hana njia ya kumsikia mzee Jingala ila kusomewa na mwanawe wakati wa likizo. Mwana atasoma sentensi moja, kisha itambidi amweleze baba yake lalamiko la baba kwa lugha ya nyumbani, lugha ile ile aliyochotea maji ndoo kumi.