Spana ya Toki Huharibikia Kabatini

Nati za rimu zikilegea barabarani, lawama humwangukia fundi aliyezikaza. Lakini kabla ya kuuliza nani alikaza, tuulize spana yake ililala vipi.

Spana ya toki, ile inayolia "tik" nati ikifika kipimo, hupima kwa springi iliyo ndani ya mpini. Ukiilaza ikiwa kwenye 160 Nm, springi inashinda imebanwa. Ikizoea hali hiyo huchoka, na spana huanza kulia mapema: unadhani nati imefika, kumbe bado. Kwa hiyo kila ukimaliza kazi, rudisha mpini kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa. Kwa spana ya 40 hadi 200, ni 40. Usishuke zaidi ya hapo, maana vipande vya ndani vinaweza kuhama mahali pake.

Mahali napo pana amri yake. Huko Saudia kuna mtaa wa Al-Safa Jeddah na mwingine wa jina hilo Riyadh, lakini hewa zake hazifanani. Jeddah ina joto lenye unyevu wa Bahari ya Shamu. Itoe spana kwenye chumba chenye kiyoyozi jioni ya Agosti, chuma kitatoka jasho papo hapo. Unyevu ukipenya ndani huleta kutu, kutu huongeza msuguano, na spana hulia kwa kuchelewa. Bolti inavutika kupita kiasi. Iache ndani ya sanduku lake lililofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo ufungue. Riyadh ni kukavu, adui ni vumbi na jua. Spana isiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani, na ifutwe kwa kitambaa kikavu. Kuiosha kwa petroli ni kuiua, kwani petroli huondoa grisi ya ndani.

Kiwango cha ISO 6789 cha 2017 kinaruhusu spana ya aina hii, ikipita 10 Nm, ikosee kwa asilimia 4 tu, na upimaji wa usahihi wake hufanywa kwenye joto la nyuzi 18 hadi 28. Mtengenezaji asipoelekeza vingine, ipelekwe maabara kila miezi 12 au baada ya mikazo 5,000. Ikianguka sakafuni, ipelekwe bila kungoja.

Katikati ya safari hizo, gereji inaweza kujipima. Bana kichwa cha spana kwenye jiliwa, mpini ulale sambamba na sakafu, kisha tundika kilo 20 umbali wa nusu mita, pale mkono unaposhika. Hiyo ni 98 Nm. Ongeza uzito wa spana yenyewe: kilo 1.5 zenye kitovu sentimita 20 kutoka kichwani ni karibu 3 Nm, jumla 101. Ikiwekwa 90 isilie, au ikiwekwa 112 ikalia, itoe kazini siku hiyo hiyo. Gurudumu la mteja si mahali pa kuijaribia.